Kupata ufyonzaji wa molari (ε) kwa spektrofotometa: mwongozo kamili kutoka maabara ya Tabora

Chukua punje moja ya pamanganeti ya potasiamu, ndogo kama chembe ya majani ya chai, uidondoshe kwenye beseni la maji. Inashuka ikiacha mkia wa zambarau, mkia unatanuka, na ukikoroga mara mbili tatu beseni zima linakuwa waridi. Sasa chukua punje ya mrututu (salfeti ya shaba) ya ukubwa uleule, uifanyie hivyohivyo. Maji yanabaki kama yalivyotoka bombani, wala jicho halioni kitu. Ndani ya chupa zote mbili zina rangi ya kuvutia macho, lakini majini moja inatamba na nyingine inapotea.

Tofauti hiyo inapimika, nayo inaandikwa kwa namba moja: ufyonzaji wa molari, herufi yake ε, epsiloni. Namba hiyo inasema moli moja ya kitu, ikiwa imeyeyuka katika lita moja, inameza mwanga kwa nguvu gani katika kila sentimita mwanga unayopita. Kwa pamanganeti, kwenye mwanga wa kijani wa nanomita 525, ε ni karibu 2,400. Kwa mrututu, kwenye nanomita 800 hivi, ni kama 12 tu.

Nasimamia vitendo vya kemia hapa Tabora, na kila mwaka wanafunzi huniletea ε ya pamanganeti iliyo 1,900 au 2,700 wakiilaumu mashine, yaani spektrofotometa, kifaa kinachopima mwanga unaomezwa na myeyusho. Mara chache sana nimekuta kosa liko kwenye mashine. Mara nyingi liko kwenye mizani, kwenye maji, au kwenye chupa iliyoachwa dirishani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kuandaa myeyusho, na kubonyeza vitufe nitakupitisha haraka.

Kanuni yenyewe

A = ε × c × l

A ni absobansi, namba isiyo na kizio ambayo mashine inakuonyesha, inayosema mwanga umemezwa kiasi gani. c ni ukolezi kwa moli kwa lita. l ni upana wa kuveti (kichupa cha kupimia myeyusho ndani ya mashine) ambao mwanga unaupita, kwa kawaida sentimita 1. Hivyo kizio cha ε ni L mol⁻¹ cm⁻¹. Ukikuta kitabu kimetumia m² mol⁻¹, gawa namba yako kwa 10 na mtakuwa mnaongea lugha moja: 2,400 ya huku ni 240 ya kule.

Kanuni hii ilijengwa na watu watatu kwa zaidi ya karne moja. Pierre Bouguer mwaka 1729 aliona kwamba kila tabaka la kitu linameza sehemu ileile ya mwanga uliolifikia: sentimita ya kwanza ikipitisha nusu, ya pili inapitisha nusu ya hiyo nusu. Johann Heinrich Lambert akaiandika kihesabu mwaka 1760, na August Beer mwaka 1852 akaingiza ukolezi. Ndiyo maana kuna logi ndani ya A, ambayo ni logi ya mwanga ulioingia ukigawanywa kwa uliotoka. Mwanga unaopita hupungua kwa kuzidisha, na logi inageuza kuzidisha kuwa kujumlisha, ndipo tunapata mstari ulionyooka.

Kama mashine yako ni ya zamani yenye mshale, inayosoma asilimia ya mwanga uliopita (%T), geuza hivi: A = 2 − log(%T). Mshale ukisimama kwenye 33.2, log yake ni 1.521, na A ni 0.479. Usichore grafu ya %T dhidi ya ukolezi ukitegemea mstari. Utapata mkunjo.

Maji kwanza

Pamanganeti inakula uchafu wa asili ya viumbe: vumbi, majani, jasho la kidole, chochote. Inapokula, zambarau inakufa na kubaki kahawia ya oksidi ya manganizi. Ukiyeyusha kwa maji ya bomba au ya kisima, sehemu ya ulichopima inaliwa kabla hujafika kwenye mashine, na ε yako inashuka bila wewe kujua.

Tumia maji yaliyokenekwa. Yakiisha na huna namna, maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta yanaweza kufaa, ila hakikisha ni maji na si asidi, halafu uyajaribu: weka kidogo kwenye chupa safi ya kioo, tia tone la pamanganeti hadi yawe waridi hafifu sana, funika, weka kabatini mpaka kesho. Waridi likibaki, maji hayo ni salama kwa kazi hii. Likigeuka manjano au kahawia, yaache kwa ajili ya kuoshea. Jaribio hili halina gharama na limeniokoa mara nyingi kuliko kifaa chochote cha maabara.

Kupima uzito

Moli moja ya pamanganeti ya potasiamu (KMnO₄) ina gramu 158.03. Tunataka myeyusho mama wa 4.00 × 10⁻³ M (M ni moli kwa lita), mililita 250. Hesabu: 0.00400 × 0.250 × 158.03 = gramu 0.158.

Simama hapo kidogo uangalie mizani yako. Kama inasoma hadi 0.0001, endelea. Kama inasoma hadi 0.01 tu, kama mizani nyingi za shule, itakuonyesha 0.16, na hiyo 0.16 inaweza kuwa 0.155 au 0.165. Hilo ni kosa la asilimia 3 kwa kila upande, na hakuna spektrofotometa duniani itakayolifuta. Dawa yake ni kupima kingi halafu kupunguza: pima gramu 1.58, yeyusha hadi lita 1 kamili (0.0100 M), kisha chukua mililita 100 za huo ujaze hadi 250. Kosa lilelile la mizani sasa ni theluthi moja ya asilimia. Wenye mizani ndogo wasione haya, ila wasipime kidogo.

Punje za pamanganeti zinayeyuka polepole na rangi yake nzito inaficha zile zilizokaa chini. Yeyusha kwanza kwenye bika na maji nusu, koroga, kisha inamisha bika dhidi ya taa uangalie kitako. Ukiona punje hata moja, bado. Mimina kwenye chupa ya ujazo kupitia faneli, suuza bika mara tatu na kila suuzo liingie humohumo, halafu jaza hadi alama. Kwenye myeyusho mweusi namna hii huwezi kuona tumbo la uso wa maji, kwa hiyo soma ukingo wa juu na uwe na msimamo huohuo kila mara. Funga, pindua chupa kichwa chini angalau mara kumi na tano. Watu hupindua mara mbili wakaridhika, na myeyusho wa juu unabaki tofauti na wa chini.

Je, pamanganeti yako ni safi? Ile ya pakiti kutoka duka la dawa imetengenezwa kwa kuoshea vidonda, haikutengenezwa kwa kupimia. Hata ya maabara haiaminiki kwa uzito peke yake, kwa sababu karibu kila mara ina oksidi kidogo ndani. Ukitaka namba ya kuitetea mbele ya watu, titresha myeyusho mama (udondoshe kwa bureti hadi mmenyuko ukamilike) dhidi ya oksalati ya sodiamu iliyokaushwa, kwenye asidi ya sulfuriki, ikiwa moto wa nyuzi 60 hadi 70. Moli 2 za pamanganeti zinamaliza moli 5 za oksalati. Ukolezi utakaoupata hapo ndio wa kweli, na ndio utakaoingia kwenye grafu. Kwa somo la kawaida unaweza kuruka hatua hii, mradi uandike kwamba umeiruka.

Myeyusho ukae kwenye chupa ya kahawia, gizani, na utumike siku hiyohiyo. Mimi mwenyewe, nilipokuwa naanza, niliandaa Ijumaa, nikauacha kwenye chupa nyeupe karibu na dirisha, nikapima Jumatatu. Mstari ulinyooka vizuri kabisa, pointi zote tano juu yake, na ε ikawa 2,050. Nikaishangaa mashine nusu siku nzima, mpaka nilipoinua chupa na kuona duara la kahawia kwenye kitako. Jua lilikuwa limeivunja pamanganeti, na ile oksidi ikishaanza kutokea huharakisha uvunjikaji wa iliyobaki. Tangu siku hiyo sitishwi tena na uzuri wa mstari. Kosa la ukolezi likigusa miyeyusho yote kwa uwiano mmoja, mstari hubaki umenyooka na namba ikawa ya uongo. Ukiona kahawia, chuja kwa pamba ya kioo na utitreshe upya. Usichuje kwa karatasi, maana pamanganeti inaila karatasi pia.

Na tahadhari mbili: vaa miwani na glavu, na usiiweke pamanganeti kavu karibu na gliserini wala asidi kali ya sulfuriki. Na gliserini inawaka yenyewe bila kiberiti.

Ngazi ya miyeyusho

Chukua mililita 10.00 za myeyusho mama kwa pipeti, jaza hadi 100 kwenye chupa ya ujazo. Una 4.00 × 10⁻⁴ M. Kutoka humo chukua mililita 5, 10, 15, 20 na 25, kila moja kwenye chupa yake ya mililita 50, ujaze hadi alama. Unapata 0.40, 0.80, 1.20, 1.60 na 2.00, zote mara 10⁻⁴ M.

Tumia pipeti au bureti. Silinda ya kupimia iachie kazi ya kumwaga maji. Andika kila chupa kwa kalamu ya wino usiofutika, maana ya tatu na ya nne zinafanana sana macho yakichoka.

Kutafuta urefu wa wimbi

Washa mashine nusu saa kabla, taa itulie. Umeme ukikatika katikati, usiendelee pale ulipoishia utakaporudi: subiri tena, weka blanki (kuveti ya maji matupu ya kuwekea sifuri) tena.

Weka blanki ya maji yaleyale uliyoyeyushia, sifuri. Kisha weka myeyusho wa kati (1.20) na upite kutoka nanomita 450 hadi 600, ukiruka 10 kwa 10, na karibu na kilele 2 kwa 2. Kama mashine yako haijipitishi yenyewe, rudisha sifuri kwa blanki kila unapobadilisha wimbi. Inachosha, ila ndivyo ilivyo. Pamanganeti ina vilele viwili vilivyokaribiana, mmoja kwenye 525 na mwingine kwenye 545 hivi. Chagua 525.

Kwa nini kileleni? Kwa sababu kilele ni tambarare kidogo. Mashine ikikosea nanomita moja, A haibadiliki sana. Ukipima kwenye mteremko wa mlima, nanomita hiyohiyo moja inakuhamisha mbali.

Kupima

Shika kuveti kwa pande zake zenye ukungu. Suuza mara tatu kwa myeyusho unaotaka kuupima, jaza robo tatu, futa pande za kioo kwa karatasi laini. Kiangazi cha Tabora kina vumbi jekundu linaloingia hata pale mlango umefungwa, kwa hiyo kuveti isikae wazi mezani. Iangalie dhidi ya taa: isiwe na povu, alama ya kidole, wala mkwaruzo. Itazame alama yake na uiingize upande uleule kila mara. Tumia kuveti moja kwa blanki na kwa miyeyusho yote, ukianza na hafifu kwenda mzito. Soma kila mmoja mara tatu, ukiutoa na kuurudisha.

Kuveti ikishika rangi ya kahawia, iloweke kwenye myeyusho wa vitamini C au asidi hafifu ya oksali dakika chache, itang'aa. Usiisugue kwa brashi.

Mstari

Tuchukue masomo haya kama mfano:

| Ukolezi (× 10⁻⁴ M) | A kwenye 525 nm |
|---|---|
| 0.40 | 0.098 |
| 0.80 | 0.191 |
| 1.20 | 0.289 |
| 1.60 | 0.381 |
| 2.00 | 0.479 |

Hapa daima kuna mwanafunzi anayeuliza: "Mwalimu, kwa nini tusigawe tu A kwa c tukamaliza?" Swali zuri. Gawa basi: 2,450, 2,388, 2,408, 2,381, 2,395. Angalia ya kwanza ilivyoruka. Kwenye myeyusho hafifu, kosa dogo la 0.002 kwenye A, labda doa kwenye kuveti, linakuwa asilimia 2 za jibu zima. Kwenye myeyusho mzito kosa hilohilo halionekani. Mstari unatenganisha mambo mawili: mteremko unakupa ε, na pale unapokata mhimili wa A panakuonyesha kosa linalojirudia.

Kwa mkono ni hivi. Wastani wa ukolezi ni 1.20, wastani wa A ni 0.2876. Toa wastani kwenye kila ukolezi: −0.8, −0.4, 0, 0.4, 0.8. Miraba yake ikijumlishwa ni 1.60. Zidisha kila tofauti na A yake ujumlishe: −0.0784 − 0.0764 + 0 + 0.1524 + 0.3832 = 0.3808. Gawa: 0.3808 ÷ 1.60 = 0.238. Kwa kuwa ukolezi ulikuwa mara 10⁻⁴, mteremko ni 2,380. Upana wa kuveti ni sentimita 1, kwa hiyo:

ε = 2,380 L mol⁻¹ cm⁻¹ kwenye nanomita 525

Mstari unakata mhimili kwenye 0.2876 − (0.238 × 1.20) = 0.002. Hiyo ni karibu na sifuri, hatuna wasiwasi. Ingekuwa 0.03, ningerudi kwenye blanki na kuveti kabla ya kuandika chochote. Usiulazimishe mstari upite sifurini ili grafu ipendeze, maana utakuwa unaficha kosa hilohilo unalolitafuta.

Na wasiwasi wa namba? Tofauti kati ya kila pointi na mstari, zikipigwa mraba na kujumlishwa, zinatoa 8.8 × 10⁻⁶. Gawa kwa 3 (pointi tano kutoa mbili), chukua kipeo, unapata 0.0017. Gawa kwa kipeo cha 1.60, unapata 0.00135, yaani 14 kwenye kizio cha ε. Kwa pointi tano, uhakika wa asilimia 95 unataka uzidishe kwa 3.18, hivyo 2,380 ± 43. Andika 2,380 ± 40. Ukiniletea 2,380.417 nitakurudishia daftari. Na kumbuka kwamba hiyo ± 40 ni ya mtawanyiko wa pointi tu. Kosa la mizani halimo ndani yake, linabidi uliongeze mwenyewe.

Namba yako ikikataa kufanana na ya wengine

Ikiwa chini na mstari umenyooka, shuku ukolezi: maji, usafi, siku za kukaa, punje zilizobaki kwenye bika. Ikiwa juu, shuku upunguzaji, au maji yaliyojazwa pungufu ya alama.

Mstari ukipinda kuelekea chini huko juu, umepita uwezo wa mashine. Kaa kati ya A 0.1 na 1.0. A ikifika 2, ni asilimia 1 tu ya mwanga inayopita, na mwanga wowote unaovuja ndani ya mashine unakuwa mkubwa kulinganisha nayo. Mwanga wa kuvuja ukiwa asilimia 1, A ya kweli ya 2.00 itasomeka 1.70. Punguza myeyusho, usibishane na mashine.

Kuna jambo moja ambalo kweli ni la mashine. Mashine za bei nafuu hazipitishi nanomita 525 peke yake. Zinapitisha ukanda, pengine wa upana wa nanomita 20. Vilele viwili vya pamanganeti vinachanganywa kuwa kimoja butu, na ε inatoka chini kidogo ya ile ya vitabuni. Hujakosea. Andika upana wa ukanda wa mashine yako pembeni ya jibu, na mwenye mashine nzuri zaidi ataelewa.

Namba hii inavyofika kwenye dumu la asali

Huku kwetu asali inatoka kwenye miombo ya Sikonge, Urambo na Kaliua, na mnunuzi wa nje huuliza HMF, yaani haidroksimethilifurfurali, kitu kinachoongezeka asali ikichemshwa au dumu likiachwa juani. Kiwango cha Codex, kanuni za kimataifa za vyakula, ni miligramu 40 kwa kilo, na 80 kwa asali iliyotajwa kuwa ya nchi za tropiki. Katika njia ya kupima HMF inayoitwa ya White, maabara hupima A kwenye nanomita 284 na 336, hutoa moja kwenye nyingine, kisha huzidisha kwa 149.7. Wengi hulitumia 149.7 kama namba iliyoshuka kutoka mbinguni. Tulifungue.

ε ya HMF kwenye nanomita 284 ni 16,830, na moli moja ina gramu 126. Gramu 5 za asali zinayeyushwa hadi mililita 50, kisha mililita 5 za huo zinaongezwa 5 nyingine, kwa hiyo ni kama gramu 5 ziko kwenye mililita 100. A ikiwa 1, ukolezi ni 1/16,830. Zidisha kwa lita 0.1, kwa 126, kwa 1,000 upate miligramu, ugawe kwa kilo 0.005 za asali: 149.7. Ndani ya namba hiyo kuna ε ya mtu aliyekaa na miyeyusho yake, akachora mstari wake kama ulivyochora wako.

Tofauti ya absobansi ikiwa 0.412 − 0.198 = 0.214, HMF ni 0.214 × 149.7 = miligramu 32 kwa kilo. Dumu hilo linapita hata kwenye kiwango cha 40. Ila kwa kipimo hiki achana na kuveti ya kioo cha kawaida au plastiki ya kawaida: kwenye 284 zenyewe zinameza mwanga. Tafuta ya kwatsi, ishike kwa uangalifu, na uitenge mbali na zile za pamanganeti.